Kioo Mbadala kwa Mashine za Gemu za Vekta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yametoka katika karakana ndogo ya elektroniki iliyopo Ngamiani, Tanga, ambako mbali na redio, vikuza sauti na ving'amuzi, tumekuwa tukipokea mashine za gemu za zamani ambazo wenyewe wamezinunua Mombasa na kuzivusha Horohoro, au wameletewa na jamaa waliokaa ng'ambo. Nyingi hufika zikiwa na kioo cheusi, na mwenye mali huja na swali lile lile: nipate wapi kioo kingine? Majibu yafuatayo yamepangwa kwa kadiri maswali yanavyokuja, na baadhi ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu.

Nitajuaje kwamba mashine yangu ni ya vekta?

Kama bado inawaka, sogeza uso karibu na kioo. Gemu ya kawaida huchora picha kama televisheni ya zamani ilivyochora: mwale wa elektroni hupita mstari baada ya mstari kutoka juu hadi chini, hata pale pasipo na kitu cha kuonyesha, na ukikaza macho utaiona mistari hiyo ya mlalo. Mashine ya vekta haina mistari hiyo. Mwale wake hutoka nukta moja na kwenda moja kwa moja hadi nukta nyingine, kama mtoto anayechora nyumba mchangani kwa kijiti, na palipo patupu haupiti kabisa. Ndiyo maana weusi wake ni weusi kweli, na mstari uliolala mshazari hauna meno ya msumeno.

Kama haiwaki, soma jina lililo kwenye kabati. Space Wars ya Cinematronics, ya mwaka 1977, ndiyo iliyofungua njia. Atari walifuata na Lunar Lander na Asteroids mwaka 1979, Battlezone mwaka 1980, Tempest mwaka 1981 na Star Wars mwaka 1983. Sega nao walitoa Space Fury mwaka 1981 na Star Trek mwaka 1982. Wapita njia wanaochungulia mlangoni kwetu huziita zote dubwi na kuuliza kama zinalipa. Hazilipi.

Kwa nini nisichukue televisheni ya chogo nzima nikaiingiza ndani ya kabati?

Kwa sababu televisheni na monita ya vekta hufanana kioo tu. Ndani ya televisheni, njia ya mwale imekwisha kupangwa: upande wa mlalo mwale huenda na kurudi mara 15,625 kwa sekunde, na upande wa wima hushuka na kupanda mara 50 tu. Koili zinazofungwa shingoni mwa tyubu, yaani ile glasi ya picha yenye chogo, ambazo mafundi huziita yoki, zimesukwa kwa kazi hiyo na si nyingine. Koili ya mlalo ina mizunguko michache na huitikia haraka. Koili ya wima ina mizunguko mingi na huitikia polepole, kwa kuwa haina haraka.

Gemu ya vekta huudai mwale uruke upande wowote kwa kasi ile ile. Ifanye hesabu uone. Koili ya wima ya televisheni huweza kuwa na milihenri 20 hivi. Ukitaka mkondo wake ubadilike kwa ampea 1 ndani ya maikrosekunde 20, unahitaji volti 1,000. Koili yenye milihenri 1 ingehitaji volti 50 kwa kazi hiyo hiyo. Vikuza vya monita ya vekta hufanya kazi kwa makumi machache ya volti, kwa hiyo yoki yake imesukwa kwa mizunguko michache pande zote mbili. Ukiifunga ya televisheni, Asteroids itakupa mawe yaliyopondeka kama chapati, au haitakupa kitu kabisa ila joto kwenye transista.

Lipo pia jambo la volteji kubwa. Televisheni huizalisha kutoka kwenye flaibaki, yaani transfoma ya volteji kubwa, inayosukumwa na saketi ya mlalo. Ukiikata saketi hiyo ili uingize ishara zako, kioo kizima huzimika. Monita ya vekta ina kizalishaji chake cha volteji kubwa, ambacho hakitegemei mwale unakwenda wapi.

Je, kioo changu kimekufa kweli?

Aghalabu hapana, na hili ndilo swali ambalo wenye mashine hawaliulizi. Katika mashine zilizopita mezani petu, tyubu yenyewe imekuwa mgonjwa mara chache. Kilichougua huwa ni saketi zinazoiendesha. Kabla hujaanza kutafuta kioo mbadala, zima taa za chumba na uangalie shingo ya tyubu kwa nyuma. Ukiona mwanga mdogo wa rangi ya chungwa, hita inafanya kazi. Kisha tafuta doa la fedha ndani ya glasi ya tyubu, lililobaki tangu kiwandani wakati hewa ilipoondolewa. Likiwa linang'aa kama kioo cha kujitazamia, ombwe bado limo. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia, na tyubu hiyo haina tiba.

Baada ya hapo tazama bodi. Monita nyingi za vekta zina ulinzi unaouzima mwale pale mwendo wa mlalo au wa wima unapokosekana, kwa sababu mwale mkali ukisimama mahali pamoja hutoboa fosfa, yaani unga unaong'aa ulio nyuma ya uso wa kioo, kwa sekunde chache. Kwenye Electrohome G05, iliyofungwa katika Asteroids nyingi, na kwenye Wells-Gardner 6100 ya gemu za rangi, ulinzi huo una taa ndogo nyekundu. Taa hiyo ikiwaka huku kioo kikiwa cheusi, usikilaumu kioo: ishara haifiki, au kikuza kimojawapo kimekufa, na ulinzi unafanya kazi yake. Tumewahi kuletewa tyubu tatu za kubadilishia kwa ajili ya mashine moja, wakati tatizo lilikuwa viungo vya kulehemu vilivyopasuka kwenye plagi ya monita.

Jambo linalohalalisha kubadilisha tyubu ni shingo iliyovunjika, hita iliyokatika, mwanga uliofifia usiopanda tena hata baada ya kurekebisha volteji, au fosfa iliyoungua kiasi kwamba maneno ya kudai sarafu yanasomeka hata mashine ikiwa imezimwa. Hilo la mwisho ni suala la uvumilivu wa mtu. Mimi huliacha.

Ni hatari kiasi gani kufungua sehemu hiyo?

Monita ya rangi huweka takriban volti 20,000 kwenye kikombe cha mpira kilichobandikwa ubavuni mwa tyubu, na tyubu huhifadhi chaji hiyo baada ya umeme kuzimwa. Funga waya kutoka kwenye bisibisi ndefu yenye mpini mzuri hadi kwenye mkanda wa chuma unaoizunguka tyubu, si kwenye ethi ya ukutani, kisha ingiza ncha chini ya kikombe kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa mfukoni. Subiri dakika chache, rudia. Vaa miwani ya kinga kila unapoibeba tyubu, na usiibebe kwa kushika shingo. Asiyewahi kufungua televisheni asianzie hapa. Aende kwa fundi wa chogo aliye karibu naye, amtazame mara mbili tatu.

Basi televisheni ya chogo inanifaa kwa nini?

Inakufaa kwa tyubu yake, na hilo si jambo dogo. Unachokitafuta ni glasi iliyo na ukubwa, shingo, pembe na soketi vinavyokubaliana na monita yako, kisha unaivua yoki ya televisheni na kuivisha yoki yako ya asili ya vekta. Kwa hiyo yoki ya asili ndiyo mali. Mtu akikuuzia monita iliyovunjika kioo lakini yoki yake ni nzima, amekuuzia sehemu ya thamani.

Anza na ukubwa, kwa maana hapa ndipo wengi hupotea. Monita za inchi 19 za Marekani hutaja sehemu inayoonekana, na tyubu zake huandikwa hivyo: ile ya Asteroids ni 19VARP4 na ile ya Wells-Gardner 6100 ni 19VLUP22, ambapo 19V ni inchi zinazoonekana, P4 ni fosfa nyeupe na P22 ni fosfa ya rangi tatu. Televisheni zilizokuja kwetu hazikufuata hesabu hiyo. Tyubu za zamani za Ulaya ziliandikwa A51 kwa kupima glasi yote, sentimita 51, na za Kijapani zilianza na 510, yaani milimita. Hizo ndizo televisheni tulizoziita za inchi 20, na ndizo zilizo sawa na 19V. Baadaye hesabu ya Ulaya ilibadilika ikawa ya sehemu inayoonekana, hivyo A51 ya chogo za mwisho mwisho ni tyubu ya inchi 21, kubwa zaidi, na haiingii katika fremu. Zote mbili zinaandikwa A51. Ukikuta herufi hiyo na tarakimu zikifuatwa na kistari na tarakimu nyingine, ni mfumo wa zamani. Zikifuatwa na herufi, ni mfumo wa baadaye. Futa vumbi, soma karatasi iliyobandikwa juu ya tyubu, na usiamini maneno yaliyo kwenye boksi.

Pili ni shingo. Tyubu za rangi za kawaida huwa na shingo ya milimita 29 au 22.5, na yoki ya 29 ikivikwa shingo ya 22.5 hucheza kama pete ya baba kidoleni kwa mtoto. Ipime kwa vernia, usikisie kwa jicho. Tatu ni pembe ya kupindisha mwale, ambayo huwa nyuzi 90, 100 au 110. Tyubu ya pembe kubwa ni fupi na chogo chake ni kipana, na yoki isiyo ya pembe hiyo haitalala vizuri kwenye bega la glasi, matokeo yake kona za picha huingia kivuli. Weka yoki yako na utazame: inapaswa kulikumbatia bega bila mwanya mkubwa. Nne ni soketi ya nyuma. Hita za tyubu nyingi hutumia volti 6.3, lakini mpangilio wa miguu hutofautiana, na mguu mmoja uliokosewa huweza kupeleka volteji ya fokasi mahali pa hita.

Baada ya kuvisha, kwenye tyubu ya rangi kazi ndiyo kwanza imeanza. Yoki husogezwa mbele na nyuma hadi kila rangi itue kwenye fosfa yake. Pete za sumaku zilizo shingoni huzungushwa hadi nyekundu, kijani na buluu zikutane katikati. Kisha kabari za mpira huingizwa kati ya yoki na glasi ili zikutane na pembeni. Kwenye vekta kosa huonekana kuliko kwenye televisheni, kwa sababu mstari mweupe ulio mwembamba hupasuka ukawa mistari mitatu sambamba. Tempest ya kwanza tuliyoifanyia hivi ilitugharimu jioni nne, na bado kona moja ya chini ina ukingo wa buluu. Mwenyewe anasema haoni. Mimi naiona.

Nichague vipi chogo hapa Tanga?

Matangazo ya analojia yalizimwa Tanga mwanzoni mwa mwaka 2013, na ingawa king'amuzi kiliziongezea chogo maisha, vioo bapa vilivyofuata ndivyo vilivyozifukuza sebuleni. Leo zipo kwa mafundi, nyuma ya maduka ya Barabara za Ngamiani, kwenye nyumba za wageni zilizobadilisha vyombo, na kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwa hawa wa mwisho nenda mapema, kwa sababu kitu cha kwanza wanachokifanya ni kuivunja shingo ili wachomoe shaba ya yoki, na baada ya hapo kinachobaki ni glasi nzito isiyo na kazi. Tumekubaliana na kijana mmoja wa mkokoteni: akipata ya inchi 20, anatupigia simu kabla hajagusa nyundo, nasi tunamlipa zaidi ya shaba ile.

Televisheni inayowaka ndiyo bora. Iache dakika kumi, punguza rangi zote picha ibaki nyeusi na nyeupe, na utazame kama weupe ni mweupe au umeegemea rangi moja. Ukiegemea, bunduki moja ya elektroni, kati ya tatu za rangi, imechoka. Nyumba za wageni huweka kituo kimoja kutwa kucha, hivyo angalia kona ya juu kama nembo haijaungua. Isiyowaka inaweza kuwa nzima pia. Ipe hita yake volti 6.3, subiri, kisha weka mita kwenye omu, waya hasi kwa kathodi na chanya kwa gridi ya kwanza. Tyubu yenye uhai huonyesha kupitisha kidogo, na iliyokufa haionyeshi kitu. Si kipimo rasmi, lakini kimetuepusha na mizigo mingi ya bure.

Nawezaje kuivua yoki bila kuvunja shingo?

Kwa subira na joto dogo. Legeza skrubu ya bangili iliyo shingoni, pasha moto gundi kwa kikausha nywele, chomoa kabari moja baada ya nyingine, na uzungushe yoki kidogo kidogo kabla ya kuivuta. Usiitikise juu na chini hata mara moja. Nasema hivi kwa kuwa nimeshafanya kosa hilo. Ilikuwa tyubu safi ya Kijapani ya inchi 20, yoki yake ilikuwa imeshikwa na gundi nyeupe, nami nilikuwa na haraka ya Ijumaa. Niliisukuma kwa kidole gumba kutoka chini. Haikupasuka kwa kishindo. Ilitoa sauti nyembamba ya kupuliza, ssss, kama baiskeli iliyokanyaga mwiba, na nilipoangalia ndani ya shingo lile doa la fedha lilikuwa linabadilika kuwa jeupe kuanzia pembeni kuja katikati, taratibu, mbele ya macho yangu. Hakuna fundi anayelirudisha.

Mashine yangu ni ya nyeusi na nyeupe. Mbona imekuwa vigumu zaidi kupata tyubu?

Inashangaza mwanzoni, kwani nyeusi na nyeupe ndiyo teknolojia ya zamani na rahisi. Sababu ni historia yetu wenyewe. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na Zanzibar, iliyoanza mapema katika miaka ya 1970, ilianza na rangi moja kwa moja. Kufikia wakati televisheni zinaingia majumbani kwa wingi, za rangi ndizo zilizokuwa zikiuzwa. Nyeusi na nyeupe zilizokuwapo zilikuwa chache, na aghalabu ndogo, za inchi 12 au 14, za kutumia betri ya gari.

Kwa hiyo tyubu kubwa nyeupe ya kuingia Asteroids ni adimu hapa, na kwa kweli njia ya kuaminika ni kuagiza. Ndogo zinaweza kupatikana katika monita za kamera za ulinzi na skrini za kompyuta za ofisi za zamani, lakini nyingi zina shingo nyembamba ya milimita 20, na zile za kompyuta huwa kijani au kahawia ya dhahabu. Kijani kwenye Battlezone si dhambi kubwa, kwa sababu gemu hiyo ilifunikwa plastiki ya kijani na nyekundu tangu kiwandani. Lakini ukibakiza plastiki hiyo juu ya fosfa ya kijani, sehemu ya nyekundu itakuwa giza.

Je, nikifunga tyubu ya rangi kwenye gemu ya nyeusi na nyeupe?

Utapata picha, ila hutapata mwanga. Ndani ya tyubu ya rangi kuna bamba lenye matundu ambalo huzuia sehemu kubwa ya elektroni, na kinachopita ni kama moja ya tano. Risasi za Asteroids, ambazo kwenye tyubu nyeupe huwaka kama cheche kwa sababu mwale hutulia juu yake, zitakuwa nukta za kawaida. Sishauri.

Monita ya mashine moja ya vekta inaingia katika mashine nyingine?

Ndani ya familia moja, mara nyingi ndiyo. Electrohome G05 na Wells-Gardner 19V2000 zilitumika katika gemu za Atari za nyeusi na nyeupe, na katika za rangi kulikuwa na Wells-Gardner 6100 na Amplifone. Kabati la kukalia la Star Wars lilikuwa na Amplifone ya inchi 25, wakati lile la kusimama lilikuwa na ya inchi 19. Hakikisha tu mwelekeo: Tempest husimamisha monita wima, na kwenye Asteroids Deluxe mchezaji haitazami monita yenyewe bali taswira yake katika kioo kinachoakisi nusu, hivyo picha lazima iwe imegeuzwa kama maandishi ya gari la wagonjwa.

Kuvuka familia ni jambo jingine. Bodi ya Atari hutoa ishara za analojia, za mlalo, za wima na za mwanga. Cinematronics walifanya kinyume: bodi hutoa tarakimu, na kazi ya kuzigeuza kuwa volteji hufanyika ndani ya monita. Monita ya Atari haiwezi kuelewa inachoambiwa na bodi ya Star Castle, gemu ya Cinematronics, na monita ya Star Castle haina pa kupokelea ishara za Asteroids. Electrohome G08 ya Sega ni ya rangi na ni ya analojia, lakini inajulikana dunia nzima kwa kujichoma yenyewe. Nisingemwekea mtu mbadala ambao nao utahitaji mbadala.

Naweza kutumia oskiloskopu?

Kwa kupimia, ndiyo, na kila anayefufua mashine hizi anapaswa kuwa na njia ya kuipata. Iweke katika hali ya kuchora mlalo dhidi ya wima, unganisha ishara mbili za bodi ya Atari, na mawe ya Asteroids yatatokea kwenye kioo chenye ukubwa wa kiganja. Ishara ya mwanga huingia kwa nyuma, na aghalabu oskiloskopu huitafsiri kinyume: volteji ikipanda mwanga hupungua, hivyo utahitaji transista moja ya kuigeuza. Usipoiunganisha utaona pia njia zote ambazo mwale ulipaswa kupita gizani, na picha itakuwa kama wavu wa mvuvi uliosokotana. Chuo kimoja cha ufundi kiliwahi kutuazima oskiloskopu yao kwa wiki mbili, na katika wiki hizo tuligundua kwamba bodi tatu tulizodhani zimekufa zilikuwa nzima. Kama kioo cha kudumu cha kabati, hapana. Ni kidogo mno.

Vipi kuhusu kioo bapa?

Zipo saketi zinazosoma ishara za mlalo, wima na mwanga na kuzigeuza kuwa picha ya monita ya kompyuta, na ipo njia ya kuondoa bodi kabisa na kuweka kompyuta yenye MAME, programu inayoiga gemu za zamani. Zote mbili hufanya kazi. Kinachopotea ni mwanga wenye ngazi, yaani mstari mmoja kuwaka mara kadhaa kuliko jirani yake, na weusi kamili. Paneli za OLED hukaribia weusi huo, lakini nazo huungua picha isiyobadilika, na gemu hizi zimejaa alama zinazokaa pale pale.

Msimamo wetu ni huu: kioo bapa ni kijiti cha kushikilia mlango hadi bawaba ipatikane. Kiweke kwa namna inayoweza kuondolewa, bila kukata mbao wala waya, na uifunge monita ya asili pamoja na yoki yake kwenye nailoni ukaihifadhi ndani ya kabati hilo hilo. Mashine tulizokwama nazo kabisa si zile zilizofika na tyubu mbovu, bali zile ambazo mtu alishaitupa yoki.

Yoki yangu ndiyo iliyoungua. Inasukika upya?

Inasukika, na Tanga ina mafundi hodari wa kusuka mota za pampu na za viwanda vya mkonge, wenye mkono wa waya mwembamba. Hesabu mizunguko ya zamani wakati unaifungua, andika, piga picha kila tabaka. Kama huna yoki ya asili kabisa, unaweza kuanza na ya televisheni: koili ya wima huwa imezungushwa juu ya pete ya feraiti iliyofungwa kwa vibanio viwili, nayo inafunguka. Henri hupungua kwa mraba wa mizunguko, kwa hiyo ukibakiza robo ya mizunguko, milihenri 20 huwa 1.25. Hata hivyo nguvu ya sumaku ni ampea mara mizunguko. Umepunguza mizunguko mara nne, basi utahitaji mkondo mara nne ili mwale ufike pembeni. Kikuza kiweze kuutoa. Tumefanya hivi mara moja, kwenye kioo cha inchi 14, na ilifanya kazi kwa picha ndogo kuliko inavyotakiwa.

Transista za vikuza ninunue wapi?

Wells-Gardner 6100 hutumia jozi ya 2N3716 na 2N3792, na majina hayo yanapatikana madukani kwa bei ya kuchekesha. Bei hiyo ndiyo dalili. Tulinunua nane kutoka duka moja, zikafa zote siku moja. Nilipokata kofia ya mojawapo kwa msumeno, ndani kulikuwa na kipande cha silikoni kidogo kuliko punje ya mtama, wakati iliyokufa ya asili ilikuwa na kipande kikubwa mara kadhaa. Nunua kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa, na ujaribu moja kabla ya kufunga zote.

Umeme wetu unaathiri kioo?

Mashine nyingi zilisukwa kwa volti 120 na hezi 60, nasi tuna 230 na 50. Atari waliweka plagi za kuchagua volteji kwenye kitengo cha umeme, hivyo angalia kwanza kama yako inayo. Transfoma iliyokusudiwa hezi 60 peke yake huchemka zaidi kwenye 50, hata ukiipa volti sahihi. Weka stabilaiza. Umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, vikuza hupokea mshtuko kabla ya ishara kutulia.

Na chumvi ya bahari?

Karibu na Raskazone hata bawaba za milango huliwa, sembuse kikombe cha volteji kubwa. Ukisikia mchirizo na kunusa harufu kama ya hewa baada ya radi, safisha glasi na mpira kwa spiriti, kausha, na urudishe. Mara nyingi hapo ndipo kioo "kilichokufa" hufufuka.

Nikiagiza tyubu kutoka nje, isafirishwe vipi?

Uso chini, shingo juu, ndani ya boksi mbili zenye povu katikati, na shingo isiguse chochote. Mwambie muuzaji apige picha ya ile karatasi ya nambari na ya doa la fedha kabla ya kufunga, na mwombe asiivue yoki ikiwa inakuja nayo.

Nifanye nini na tyubu iliyokufa?

Usiipige nyundo wala kuitupa ufukweni. Glasi yake ina madini ya risasi, na vipande vyake hukata kama wembe. Ile niliyoivunja shingo ipo juu ya kabati la karakana, imefunikwa gunia. Tunaitumia kupimia masikio ya fremu na ukingo wa kadibodi, ili tyubu nzima ishikwe mara moja tu.